Mti Una Jina, Mwiko Uko Wapi?

Kitabu bora zaidi nilichosoma kuhusu Ukambani si riwaya wala diwani. Ni kitabu cha miti. Kinaitwa Useful Trees and Shrubs for Kenya, cha Patrick Maundu na Bo Tengnäs, na kilitolewa Nairobi mwaka 2005 na kituo cha kimataifa cha kilimo-misitu, ICRAF. Nakala yangu niliipata kwa wauza vitabu wa kando ya barabara, jalada limekunjika na kurasa za mwanzo zina alama za vidole vya mtu aliyetoka shambani. Kiliandikiwa maafisa wa kilimo na wenye vitalu vya miche. Hakuna mhakiki wa fasihi aliyetumwa kukisoma. Mimi nakisoma kama fasihi, na nataka kukihakiki hivyo hivyo.

Shuleni tulizoezwa kuuliza: wahusika ni nani? Hapa wahusika ni miti, na kila mmoja analetwa kwa heshima ambayo riwaya nyingi haziwapi hata watu. Kwanza jina la Kilatini, halafu majina ya nyumbani: Kikamba kando ya Kimaasai, Kisomali kando ya Kiswahili, hakuna lugha iliyopewa kiti cha mbele. Kisha mti unapopenda kuishi, unafanana vipi, unatumika kwa nini, mbegu zake zinaoteshwaje, unatunzwaje ukishakua. Msomaji akimaliza ukurasa mmoja anaweza kwenda nje akautambue mti huo kati ya mingine kumi.

Chukua mukau, Melia volkensii. Sisi watu wa ukame tunaujua kama mti wa mbao ambayo mchwa wanaikwepa, mti wa milango na mizinga ya nyuki. Lakini kuuotesha ni kazi. Mbegu imejificha ndani ya kokwa ngumu kama jiwe, na ukiipasua vibaya umeiua. Wazee walikuwa wanaokota kokwa kwenye zizi, baada ya mbuzi kula tunda na kulifanyia kazi tumboni. Siku hizi watafiti wa KEFRI kule Kitui, pamoja na Wajapani wa JICA, wametumia miaka mingi kutafuta mbegu bora za mti huo. Mbuzi, mzee na mtafiti wote wako kwenye hadithi moja. Hiyo ni ploti nzuri kuliko nyingi nilizolazimika kuzisoma kwa ajili ya mtihani.

Nasema haya kwa sababu fasihi yetu ina ugonjwa wa kusema "mti" tu. Mhusika anakaa chini ya mti. Ndege wanalia mtini. Mti gani? Kwenye tamasha za shule watoto wanakariri kwamba miti ni uhai, mikono juu, na jaji anatoa alama. Serikali nayo ina hesabu yake: miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 tulipewa sikukuu nzima ya kupanda. Sipingi kupanda. Lakini bilioni ni namba, na huwezi kufanya urafiki na namba. Ukiniuliza ni miti gani, ya nani, imepandwa wapi na nani anaimwagilia Januari, hapo ndipo mazungumzo yanaanza.

Kiswahili chenyewe kina kazi ya kufanya hapa. Lugha hii ililelewa pwani, na pwani inajua miti yake vizuri: mnazi, mkoko, mwembe, mbuyu. Ikipanda huku juu Yatta inaanza kupiga kigugumizi. Miti ya miiba inakuwa "migunga" yote, wakati Kikamba kinatofautisha musemei na mwaa bila kufikiri. Dawa si ngumu. Mukau, muuku, muteta, haya majina yanaingia kwenye Kiswahili bila kubisha hodi, maana ngeli ni ile ile: mukau wangu, mikau yangu. Ni sisi waandishi tu tunaoona haya kuyatumia, ati msomaji wa Tanga hataelewa. Msomaji wa Tanga anaelewa sana. Na yeye ana yake ya kutufundisha.

Majina ya mahali nayo ni maandishi, na ni ya zamani kuliko kitabu chochote. Hapa ninapokaa panaitwa Kithimani, na kithima ni kisima: penye kisima. Mutituni, kule karibu na Machakos mjini, ni msituni. Mukuyuni ni penye mkuyu. Mtu aliyepaita hivyo hakuwa anapamba. Alikuwa anamwelekeza mwenzake maji yako wapi, kivuli kiko wapi, na pengine kipi asikiguse.

Na hilo la kutogusa ndilo linalonileta kwenye kasoro ya kitabu ninachokipenda. Jina lake linaanza na neno "useful", yaani wenye manufaa. Kila mti umepangiwa matumizi: kuni, makaa, nguzo, mbao, chakula, dawa, lishe ya mifugo, asali, kivuli. Pale mila inapotajwa, inakaa kwenye foleni hiyo hiyo kama tumizi lingine. Kitabu kinaniambia mti unanifanyia nini. Hakiniambii mimi nimekatazwa nini. Muteta hutiwa kwenye supu, sawa. Ni nani anaruhusiwa kuuchimba? Kwa kiasi gani kabla hujauua? Nani alikuwa anakuuliza ukiuchimba kupita kiasi?

Ukambani kulikuwa na majibu ya maswali kama hayo, na jibu zito kuliko yote lilikuwa ithembo. Mathembo ni mahali pa matambiko, mara nyingi penye mti mkubwa wa jamii ya mikuyu, au kichaka kizima. Watu walikwenda pale kuomba mvua wakati wa kiangazi kikali, wazee wa kike na wa kiume, kwa sadaka. Mti wa pale haukatwi. Tawi lake haliokotwi kuni. Nani atakuona? Swali hilo halikuwa na maana, kwa sababu mwenye kuona hakuwa jirani.

Ukitaka kusoma habari hizo utarudishwa kwa wageni. C. W. Hobley, afisa wa kikoloni, alitoa kitabu chake kuhusu Wakamba mwaka 1910. Gerhard Lindblom, Mswidi, aliishi huku na kuandika The Akamba in British East Africa, kitabu kinene ambacho mpaka leo watu wetu wanakitegemea kujijua. Namheshimu Lindblom kwa uvumilivu wake wa kusikiliza. Lakini kwa waandishi hawa ithembo linakaa kwenye sura ya dini, pamoja na pepo na uganga. Ni imani ya watu fulani. Halikai kwenye sura ya ardhi, kama sheria ya nani anaweza kufanya nini wapi. Kwa hiyo rafu yangu imegawanyika vibaya: vitabu vya zamani vina miiko lakini vinaichukulia kama mambo ya kuchekesha au ya kusikitisha, kitabu kipya kinaujua mti mpaka mbegu yake, lakini mwiko umedondoka njiani.

Hapa lazima niseme mimi ni nani katika ugomvi huu, msije mkadhani ninaongea kwa mapenzi ya mbali.

Kwenye pembe ya shamba letu kuna mukuyu. Ulikuwa ithembo la mbai yetu, yaani ukoo wetu, kabla ya wengi wetu kuokoka. Nilipokuwa mwaka wa tatu chuo kikuu, karo ikakwama. Wajomba wakakaa wakaona njia iko wazi: pembe ile iko karibu na barabara ya Thika kwenda Garissa, mnunuzi yuko tayari, ila anataka ploti safi. Ploti safi, kwa lugha ya mabroka, ni ploti isiyo na mti. Susu alikuwa amekaa kimya muda wote. Mwisho akauliza swali moja tu: mmemwuliza mwenye huo mti? Hakuna aliyejibu. Hakuna aliyejua hata amjibu nani. Mkutano ukaisha hapo, na masomo yangu yakaisha mwezi uliofuata.

Kwa hiyo mimi najua bei ya mwiko. Kwa upande wangu ni digrii moja. Sikuomba kuilipa na sijidai niliilipa kwa furaha. Susu amefariki, mukuyu bado uko, na mwaka huu bei ya ploti imepanda tena. Desemba wajomba wanakutana. Basi nimejipa zoezi la mhakiki: nachukua vitabu vyangu kimoja kimoja, navipeleka kichwani kwenye mkutano huo, nione kipi kinaweza kusimama mbele ya wajomba.

Cha kwanza, kitabu cha Maundu na Tengnäs. Mukuyu una nini? Kivuli, matunda ya watu na ndege, lishe ya mifugo, mbao laini ya vinu na mizinga. Mjomba wangu mkubwa ni mtu wa hesabu. Ataweka vinu na mizinga upande mmoja, bei ya ploti upande mwingine, na mti utaanguka kabla chai haijapoa. Ukiutetea mti kwa manufaa yake tu, umekubali uingie sokoni, na sokoni daima kuna mtu mwenye pesa kukushinda.

Cha pili, More People, Less Erosion, cha Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, mwaka 1994. Hiki kila mtu wa Machakos anapaswa kukijua. Miaka ya 1930 maafisa wa kikoloni walikwisha kutuhukumu: Wakamba wanaua ardhi yao, mifugo imezidi, udongo unakwenda. Dawa yao ilikuwa kutunyang'anya ng'ombe. Mwaka 1938 Muindi Mbingu akaongoza maelfu ya watu kwa miguu mpaka Nairobi kugoma, na serikali ikamhamishia Lamu. Kitabu hiki kinaweka picha za mwaka 1937 kando ya picha za mwaka 1991 za mahali pale pale. Vilima vilivyokuwa vipara vina matuta na miti. Watu wameongezeka kama mara tano, na ardhi imepona badala ya kufa. Matuta yamechimbwa na watu wenyewe, mengi kwa vikundi vya mwethya, wanawake wakiwa mbele. Ni hoja nzito, na imetufutia aibu ya miaka mingi.

Lakini mjomba atakipenda kitabu hiki kupita kiasi. Kinasema mtu huitunza ardhi akiwa na hakika nayo na akiona faida. Sawa kabisa, atasema, na mimi faida naiona kwenye ploti. Pia nikitazama miti ya picha za baadaye najiuliza ni mingapi iliyokuwepo kabla ya hesabu kuanza, na mingapi ni ya kupandwa kwa mbao na matunda. Kupona kwa ardhi ni kitu kimoja. Kukumbukana na ardhi ni kingine, na cha pili hakionekani kwenye picha.

Cha tatu ni Unbowed cha Wangari Maathai, mwaka 2006. Huyu ndiye aliyekaribia zaidi. Anasimulia mugumo uliokuwa karibu na kwao Nyeri, na mama yake aliyemwonya asiokote kuni pale kwa kuwa ni mti wa Mungu. Kando yake kulikuwa na kijito ambako alicheza na mayai ya vyura akidhani ni shanga. Miaka baadaye, akiwa ameshasoma biolojia, anaelewa kwamba mizizi ya mti huo hushuka kwenye miamba na kusaidia maji kupanda juu. Anarudi nyumbani, mti umekatwa kupisha chai, kijito kimekauka. Hakuna ukurasa wa mwandishi wa Kenya kuhusu mti ninaouona una nguvu kama huo. Mwiko na sayansi vimekaa meza moja.

Hata hivyo, ukisoma kwa makini, meza yenyewe imeinama upande mmoja. Mwiko wa mama unapata heshima pale sayansi inapothibitisha kwamba mama alikuwa sahihi. Yaani mama alijua bila kujua. Na kama sayansi isingethibitisha? Mjomba hapo ataniambia: sisi maji tunayo. Kweli, Kithimani ina mfereji wa Yatta, unaoleta maji ya mto Thika. Ulichimbwa miaka ya 1950 kwa jasho la wafungwa wa Hali ya Hatari, na ndiyo unaotupa nyanya na mishiri. Mti wa kulinda kijito, mjomba atasema, ulifaa zamani, kabla ya mfereji. Kila sababu unayoupa mwiko ni mlango ambao mtu mwingine anaweza kuupitia akatoka nao nje.

Hili si letu peke yetu. Kuna mti ambao umejaa mashamba ya nchi hii, mgrivelia, na mwingine tunaougombania kila mwaka, mkaratusi, tukisema unakunywa mito. Yote ni wageni kutoka Australia. Kule kwao ina watu wake, wenyeji wa asili, ambao waliiishi nayo kwa maelfu ya miaka, wakiwa na majina yake, hadithi zake, na utaratibu wa moto: wachome wapi, msimu gani, moto mdogo kiasi gani. Wanapoongea Kiingereza wanaiita ardhi yao "Country", kama mtu anayemwita ndugu kwa jina, na wanasema inahitaji kutunzwa na inawatunza. Bill Gammage aliandika kitabu kizima mwaka 2011, The Biggest Estate on Earth, kuonyesha kwamba nchi ambayo Waingereza waliiona kama pori tupu ilikuwa imetunzwa kwa mikono na moto. Mbegu za mkaratusi zikapakiwa melini zikasambazwa duniani. Watu hawakupakiwa, wala majina, wala sheria za moto. Sisi tukapokea mti uliokatwa kutoka kwa jamaa zake, na sasa tunaulaumu kwa tabia mbaya. Nikiusoma ukurasa wowote wa "mti wenye manufaa", naona meli ile.

Mtu atasema basi tufanye kama Wamijikenda. Kaya zao ziliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, na mwaka uliofuata mila zenyewe zikawekwa kwenye orodha ya zile zinazohitaji kulindwa haraka. Nawapongeza wazee wa kaya. Ila tarehe hizo mbili zisome pamoja: msitu ulitambuliwa, halafu ikabidi kuonya kwamba kinachoufanya uwe kaya kinapotea. Orodha inaweza kulinda mpaka wa msitu. Haiwezi kumfundisha kijana kuuliza ruhusa. Na mathembo yetu si misitu yenye mpaka. Mengi ni mti mmoja kwenye pembe ya shamba la mtu mwenye hati ya kumiliki.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Kitabu kuhusu mimea ya kwetu nakipima kwa swali moja: nikikifunga, je, kuna kitu ambacho sasa siwezi kukifanya? Kitabu cha Maundu na Tengnäs kinanipa majina, na bila majina hakuna pa kuanzia. Maathai ananipa uchungu. Tiffen na wenzake wananipa hoja dhidi ya dharau. Hakuna kinachonipa swali la susu. Swali lile halikutoa sababu yoyote, na ndiyo maana lilifunga mkutano. Halikusema mti una faida. Lilisema mti una mwenyewe, na sisi hatujamwuliza.

Fasihi inaweza kulibeba swali kama hilo. Kitabu cha mwongozo hakiwezi, na sikilaumu kwa hilo. Lakini waandishi wa rika langu tukiendelea kuandika "mti" bila jina na "mila" bila makatazo, tutakuwa tumewaachia mabroka uwanja. Wao majina wanayajua vizuri: la mwenye ploti, la wakili, la benki.

Mimi nimeanza mahali padogo. Kwenye nakala yangu, chini ya kichwa cha matumizi, naongeza kwa penseli kichwa kingine: Usifanye. Nawauliza wazee wa hapa, mti kwa mti, najaza. Mmoja aliniambia mambo matatu kuhusu muuku kisha akakataa la nne, ati hilo haliandikwi. Nimeliandika hivyo hivyo, kwamba kuna la nne. Kwenye ukurasa wa mukuyu nimeandika: usikate kabla hujamwuliza mwenyewe. Chini yake nimeacha nafasi, kwa sababu kuna ajuza wawili wa ukoo wetu, mmoja Ndalani na mwingine Matuu, ambao bado sijawafikia, na Desemba haiko mbali.